Sikio Dirishani

Ndugu waombolezaji, huyu tunayemsindikiza leo, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Dirisha, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, katika chumba cha nyuma cha duka la cherehani, akiwa mtoto wa tatu wa fundi nguo na mkewe, akasoma shule ya msingi mtaa huohuo, kisha chuo cha uchapaji, alikohitimu mwaka 1977, akaajiriwa katika kiwanda cha uchapaji, kukata maboksi ya sabuni.

Mwaka 1981 alipewa jalada lake la kwanza la santuri, kisu kikamteleza, kikatoboa picha ya mwimbaji pale penye uso, na mwenye bendi alipofoka, marehemu akachomeka bahasha ya ndani, ile ya kutunzia santuri, yenye picha ya viatu vya wacheza dansi, vikachungulia tunduni, bendi nzima ikaangua kicheko, na tangu hapo kila jalada lake likawa na dirisha, wala hakuweka tena sura ya mtu, akisema mwimbaji asionekane kabla hajasikika.

Alifunga ndoa tarehe 8 Juni 1985 na muuguzi, wakajaliwa wavulana wawili na kitindamimba, binti tunayemwita Chiriku, ambaye alipokamilisha santuri yake ya kwanza alitaka sura yake ikae juu ya jalada, baba akakataa, binti akamuuliza kama anaionea haya damu yake mwenyewe, wakanuniana, chai ikawa inapoa mezani.

Januari 2024 kiharusi kilimshika mkono wa kulia, Chiriku akashika kisu mwenyewe, akakata dirisha la jalada lake kando ya kitanda nyumbani huku baba akimwelekeza, likaenda upande, na alipotaka kurudia baba akamwambia liache, mwanangu, hata kuimba unaimba hivyohivyo, wakacheka hadi mama mwenye nyumba akaja kuwanyamazisha. Lakini picha ya kukaa ndani ya bahasha baba hakumwambia, alimnong'oneza mpiga chapa peke yake.

Alifariki hospitalini tarehe 2 Agosti, alfajiri, na jana mpiga chapa alileta sampuli, dirishani linaonekana sikio tu, Chiriku akalitambua kwa kovu la hereni iliyomrarua utotoni, akaivuta bahasha polepole, na sura yake nzima ikatoka, ikicheka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuazima viti na mabega, na wenzake wa kiwandani mliozima mashine asubuhi hii. Sasa Chiriku ataimba, ataanzia ndani ya nyumba, msimtafute kwa macho, atatoka mwenyewe.

Pumzika kwa amani, Fundi, tunasikiliza.