Besi ya Nje ya Dirisha

Basi la kutoka makaburini lilikuwa halijashika mwendo, na mama kiongozi wa kwaya alikuwa ameshammiminia bwana aliyekaa naye sifa za marehemu. "Marehemu hakuwa na mfano, kaka. Kila Jumapili alikuja kanisani akikimbia kwa miguu, mvua inyeshe, jua liwake."

"Ni shemeji yangu," bwana akasema. "Mbona mchungaji amesema alipenda kuimba penye hewa safi?"

Mama wa watu akaikunja leso, akaikunjua. "Sauti yake ya besi alikuwa akiiimbia nje, pale dirishani."

"Kwa kupenda kwake?"

Uongo ulimjia mdomoni, ila udongo wa kaburi ulikuwa bado mbichi. "Lile jasho la mbio, kaka, lilinuka. Watu walilalamika, nikatumwa mimi. Nilimwambia kwa upole." Upole wenyewe ulikuwa mbele ya kwaya nzima.

"Nyumbani alituambia mmemteua kupokea wanaochelewa. Dada yangu akamnunulia tai."

Tai ile mama aliikumbuka, juu ya fulana ya mbio. Walikuwa wameicheka.

"Sasa wanaochelewa watapokelewa na nani?" bwana akauliza, bila ubaya wowote.

Basi likasimama kwenye kituo cha kushukia mama. Bwana akasogeza magoti ampishe, lakini mama hakuinuka.