Mafuta Yangu Kwenye Glovu za Haruna

Sikilizeni wanangu, na wewe uliyesimama mlangoni ingia, kufa hakuambukizi. Kabla sijafungua kinywa, kila mmoja aape kwamba nitakayoyasema hayavuki kizingiti cha chumba hiki. Semeni wallahi. Hashimu, sikukusikia, wewe ndiye mkubwa, sema kama mwanamume. Nasma mwanangu, vizuri. Ismail, kitindamimba wangu, umeapa kwa sauti kama unaadhini, ahsante. Haruna mjukuu wangu, wewe huna haja ya kuapa, wewe ndiye uliyeonewa. Haya, tumemaliza. Sasa Nasma fungua dirisha, maana Leticia jirani yangu amesimama hapo nje na jua lote hili tangu nilipompigia simu, na Mzee Sadalla mwenyekiti wa timu na wazee wenzake wawili wanaokunywa kahawa ukumbini waingie wakae jamvini. Msinikodolee macho. Mmeapa ninyi, mimi sikuapa, na anayekufa hana wa kumsuta.

Nianze na mali, kwa sababu najua masikio yenu yamekaa huko. Nyumba hii ya Mtaa wa Mahiwa baba yenu aliijenga kwa miti na udongo, tukaibadilisha tofali moja moja, na madalali wa maghorofa wananizunguka kama nzi wa buchani tangu nilipoanza kukohoa. Isiuzwe. Waliouza za kwao wako Chanika huko, wakija Kariakoo wanauliza njia kama wageni. Fremu ya mbele ibaki kwa Beno muuza vitenge, ni mtu wa maneno machache, na nyumba hii wenye maneno mengi tumetosha. Cherehani ni ya Nasma. Kinu kilichoko uani si chetu. Leticia, shoga yangu, kile kinu ulichokitafuta ukamtukana mpangaji wako mpaka akahama, ninacho mimi. Kichukue, na matusi yako yaweke mpaka arobaini ipite.

Sasa mpira. Kazi yangu kwenye timu yetu ya Mchikichi Stars mnaijua tangu mko wadogo: jezi zinakuja hapa kwa magunia, nazifua, naanika uani, na siku moja kabla ya mechi nazifukiza udi kwenye chetezo. Kamati ya ufundi, na usijikohoze Mzee Sadalla, mji mzima unajua kamati hiyo haimfundishi mtu kupiga chenga, iliamini kwamba nasoma kitu juu ya moshi ule. Sikusoma kitu. Nilikuwa nawasengenya wachezaji wenu mmoja mmoja, nani kaachwa na mke, nani kala shibe akasingizia goti, midomo inacheza, nanyi mnanong'onezana Bi Chiku anatia dawa. Udi wenyewe nanunua hapo Shimoni, sokoni, wanaponunua watu wote. Huo ndio udanganyifu wangu, nautubu, ila haukumwangusha mtu.

Uliomwangusha mtu ni mwingine. Miaka miwili iliyopita, mechi ya mwisho ya ligi, tulihitaji sare tu tusishuke daraja. Mkaliacha geti kwa kuogopa uchawi wa wapinzani, mkaingia uwanjani kwa kuruka ukuta wa nyuma, wazee wazima na vitambi vyenu, na kabla ya kuruka kamati ikatoa kichupa, ikasemwa kimetoka kwa mtaalamu wa Pangani, Haruna akapakwa dawa kwenye glovu zote mbili mbele ya wenzake. Angekataa? Kipa anayekataa dawa ya timu, kesho yake anaitwa adui. Akavaa. Dakika ya themanini na nane likaja shuti ambalo hata mimi ningelidaka kwa kanga, mpira ukamteleza kama kambale ukaingia wavuni. Mtoto akalia palepale kwamba mikono imeteleza. Na ninyi wazee, badala ya kunusa glovu, mkakaa kikao mkahukumu kwamba dawa ya Pangani haikosei, kwa hiyo aliyekosea ni kipa, kala rushwa, afungiwe. Wajomba zake wawili, Hashimu na Ismail, wako kwenye kamati hiyo na hakuna aliyemtetea. Leo anatembeza soksi Mtaa wa Kongo, na wapita njia wanamtania, “Kipa, leo unaachia kwa bei gani?” Na kesho mnakutana kuamua, arudi kabla dirisha la usajili halijafungwa, au asicheze tena maisha yake yote.

Jumatatu ile glovu zililetwa kwangu kufuliwa. Nikazinusa. Wanangu, dawa ya Pangani ilikuwa mafuta yangu ya nywele, ya nazi niliyoikuna kwa mkono huu, nikatia asumini na mdalasini, na Kariakoo nzima hakuna mwingine anayeyatengeneza hivyo. Aliyejaza kichupa alitoka ndani ya nyumba hii. Basi nikapekua nguo chafu, kama mama yeyote anavyofanya bila kuwaambia, na mfukoni mwa suruali nikakuta mkeka, ile karatasi ya kubetia. Niliishia darasa la nne, lakini jina la timu yetu nalisoma na mchezo wa mikeka naujua: mwanangu alibeti timu yake mwenyewe ifungwe. Nikamwita. Akapiga magoti, akanishika miguu, akaniapisha kwa kaburi la baba yake kwamba jina lake halitatoka mdomoni mwangu. Nikaapa. Miaka miwili namtazama Haruna akitoka na soksi begani, nami nakula, nalala. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Lakini Haruna naye ana mzazi, Tatu binti yangu aliye kaburini, na nikifika huko swali lake la kwanza nalijua.

Kiapo sikivunji. Jina silitaji. Ila mkeka ule una namba ya simu ya mwenyewe, na uko ndani ya kasha langu, chumba cha pili hapo nyuma ya pazia, kile chenye mlango wa uani, chini kabisa. Nikishamaliza dua, Mzee Sadalla atakwenda kulifungua. Nasma, nipe maji kidogo.

Nani huyo aliyetoka? Anapokea simu? Mwacheni, kila mtu ana simu zake. Hashimu, wewe kaa.

Nizikeni Kisutu, ubavuni kwa baba yenu, leo leo, msiniweke mkisubiri jamaa wa Tanga, wale hata harusini walikuja wali umekwisha. Timu yenu iacheni iingie getini. Mwizi hapendi palipo peupe, anapenda mahali ambapo watu wameambiwa wasiulize, na hapo ndipo mlipoiweka dawa yenu. Mtoto akaibiwa jina lake mbele ya macho yenu, nanyi mkaitikia amina. Mkifungwa mmefungwa. Fanyeni mazoezi.

Haruna, sogea. Nipe mikono. Hii... mikono hii haikumdhulumu mtu. Mola aishike kama inavyoshika, akupe riziki ya halali, akupe watoto wasiokuonea haya, na siku ukifungwa bao, liwe bao la kweli. Amina. Semeni amina na ninyi.

Pumzi inakatika... Mnasikia? Bawaba za kasha hizo, zinalia. Mwaka wa ishirini huu nakataa zisitiwe mafuta. Nasma, vuta pazia. Vuta lote. Leticia, ingiza kichwa, usije ukasimulia kwa kubahatisha. Wazee, tazameni.

Usisimame, Ismail mwanangu, baki hivyo hivyo magotini wakuone. Chini hapo hakuna mkeka, baba. Mkeka anao Mzee Sadalla tangu asubuhi. Nilijua ungekana, ungesema namba si yako, laini ilipotea, sijui nini. Mikono hiyo... utaikana vipi? Radhi yangu unayo, mimi ni mama yako. Ya Haruna muombe mwenyewe, hapo hapo, wakisikia.

Na hiyo uliyoikumbatia ni sanda yangu. Ikunje... ikunje vizuri, uilete. Naihitaji.