Muthama Ndeti, Aliyeacha Kuchoma Nyuki

Habari za mizinga mtakazosikia hapa zilisimuliwa kwanza na mkewe, Mama Kavata, ambaye sasa ni mjane, mnamo Desemba 1979, na zimeandikwa kama alivyozisema.

Marehemu Muthama Ndeti alizaliwa Migwani tarehe 14 Aprili 1947, mwana wa kwanza wa Mzee Ndeti Kiilu na Mbinya, akamaliza masomo ya msingi hapo hapo mwaka 1963, na tarehe 6 Januari 1969 akaajiriwa kutunza maabara ya shule ya harambee. Tarehe 12 Desemba 1970 alimwoa Kavata, binti wa Mbooni, Makueni, wakajaliwa Mutindi, Kiema na Muthoki.

Mwaka 1973 shule ilipata mwalimu wa sayansi kutoka Sri Lanka, Bwana Gunasena, mfuasi wa Budha, ambaye alipoletewa asali aliuliza nyuki wako wapi, na Muthama akamjibu, "Tumewachoma, Mwalimu, ama ulitaka tuwaombe ruhusa?" Mwalimu alicheka lakini hakula, akamweleza kwamba kwao mtu hashiki neno kwa sababu limesemwa na mkubwa, wala kwa sababu yeye Gunasena amelisema, ila hukitazama kitu mwenyewe mpaka aone na vingine vinavyokishikilia.

Muthama akatazama. Kwa majuma mengi aliketi kando ya mbaazi zake, akaona kwamba maua yaliyotembelewa na nyuki yalizaa vizuri kuliko yale aliyoyafunika kwa kitambaa, na mtu aliyejua mzinga tu akaanza kujua shamba, na mvua inayoleta maua, na sahani yake mwenyewe.

Alipoukataa mwenge wa nyasi wa kuchomea nyuki, baba yake alimwambia mbele ya jamaa, "Asiyetaka kuchoma nyuki hataki mizinga, nitampa ndugu yako Mutie." Mizinga hiyo kumi na miwili ilikuwa ya babu yake, naye Muthama aliipenda kuliko ng'ombe, kwa hiyo aliomba mmoja tu, aurine kwa moshi mdogo, Julai 1974. Aliumwa mpaka jicho likafunga siku nne, na Mutie akamwita Budha wa Migwani. Lakini Februari 1975 mizinga kumi na mmoja ilikuwa mitupu, na ule wa Muthama umejaa nyuki na masega, ndipo Mzee Ndeti akaja maabara kwa miguu, akasema, "Mwanangu, huo moshi wako unawashwa vipi?"

Wazee wa kanisa walipomuuliza kama amebadili dini, alijibu kwamba bado anaimba besi kwayani, ila sasa anaona mengi zaidi ya kushukuru.

Aliugua figo Machi 1996, akatutoka tarehe 19 Agosti. Twawashukuru madaktari, wauguzi, majirani na walimu aliofanya nao kazi. Mzee Ndeti alifariki mwaka 1981, Mbinya mwaka 1985. Kavata yu hai, Bwana Gunasena yu hai huko kwao, na Mutie yu hai, ndiye anayeirina mizinga yote kumi na miwili tangu Machi, kwa moshi. Lala salama, Muthama.