Bwana Aliniondoa Kitini

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na waliokaa, asifiwe na waliosimama, na zaidi asifiwe na sisi ambao tukisimama magoti yanalia kabla kinywa hakijasema haleluya!

Shemasi, nimekuona. Umeniletea kiti kabla hata sijashika maikrofoni. Asante mwanangu, umelelewa vizuri. Kiache hapo kando yangu, usikiondoe, kwa maana ushuhuda wangu wa leo ni juu ya kiti.

Kwa wageni ambao hawanijui, mimi ni Kavata, mama Mutua. Nilizaliwa upande wa Kitui, nikaolewa huku Makueni, kule mlimani juu ya Mukuyuni. Marehemu mzee wangu amelala pale pale nyumbani, karibu na mtaro wa kwanza tuliochimba pamoja. Na kuhusu kazi nitajisifu kidogo, mchungaji atanivumilia. Katika mwethya yetu, lile kundi la akina mama tunaolimiana mashamba kwa zamu, hakuna aliyenipita kwa jembe. Mnaijua ile mitaro ya fanya juu, unachimba na udongo wote unaurusha upande wa juu wa mlima. Wanaume wakijaribu wanaanza kuuliza maji ya kunywa yako wapi. Mimi nilikuwa nachimba, narusha, na bado ni mimi ninayeimbisha.

Halafu magoti yakaanza. La kulia kwanza, kisha la kushoto likaona wivu. Nyonga nayo ikafuata. Asubuhi nilikuwa nasalimiana na kitanda, na ukuta, na meza, kabla sijafika mlangoni. Nikanunua vidonge, nikajipaka dawa za kuchua mpaka mbuzi wangu wakawa wananikimbia kwa harufu. Ninyi wenyewe mliniwekea mikono mahali hapa, na sijasahau. Nilikuwa naomba kitu kimoja tu, maumivu yaishe, niamke siku moja na magoti ya msichana.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipofungwa, na walionifunga walinifunga kwa mapenzi. Wenzangu wa mwethya waliniambia nimefanya kazi ya kutosha, nikae kivulini niwaangalie. Ushirika wa akina mama ukanitengea kiti cha mbele, nisisimame hata wakati wa nyimbo. Na Mutua, kifungua mimba wangu, ambaye mnamjua ni dereva wa lori na anaishi na mke wake Mtito Andei, siku moja akaingia bomani na kiti kikubwa chekundu alichonunua Emali. Kiti chenye mikono minene, na mgongo laini kama mkate wa dukani. Nilipokikalia mara ya kwanza nilimbariki mwanangu mpaka akaona haya. Akaniletea pia msichana wa kunisaidia, Kanini, mtoto mwenye adabu na mikono myepesi.

Basi nikakaa! Maji Kanini, kuni Kanini, mbuzi Kanini. Nikinyoosha shingo kutafuta fimbo yangu, Kanini tayari ameileta. Alinitumikia vizuri mpaka nikasahau jikoni kwangu mwenyewe chumvi inakaa wapi. Wageni walikuwa wakija wananikuta kitini, wananiambia, ona vile Mungu amekupumzisha. Na mimi nilikuwa naitikia amina, huku najua kwamba siku hizi siwezi kutoka kwenye hicho kiti bila kuvutwa mikono miwili. Hata choo, ndugu zangu, nilikuwa nasubiri mtu. Na maumivu hayakupungua. Yalinenepa.

Kisha Kanini akapata nafasi ya chuo. Tulifurahi, tukamwimbia. Lakini Mutua alipokuja mwisho wa juma hakuimba. Alikaa kwenye stuli mbele yangu, akasema, "Mwaitu, mama yangu, Kanini akienda hutaweza kukaa hapa peke yako. Mvua inayokuja ikiisha tutafunga hii nyumba, twende ukae na sisi Mtito."

Mwanangu hakusema vibaya. Mke wake ni mtu mzuri na chumba walikuwa wameshanitengea. Lakini Mtito Andei kwangu ni nini? Ni kusikiliza malori yakipumua usiku kucha. Mbuzi wangu wangeuzwa, majani yangemea juu ya mzee wangu, na mlango niliopita nikiwa bibi harusi ungefungwa kwa kufuli. Nililia kwa uchungu nyumbani kwangu, nikamwuliza Mungu waziwazi kama amechoka na mimi.

Mutua alitaka kwanza nionwe hospitali, ili hata nikihama nihame na dawa nzuri. Akanipeleka. Daktari akapiga picha za magoti, akasema yamelika kwa sababu ya umri na kazi, kisha akanituma chumba cha mazoezi. Huko nikamkuta binti mmoja mpole, anaweza kuwa mjukuu wangu. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza maumivu yangu yote kwa mpangilio, lakini yeye aliniuliza kitu kingine.

"Susu," akaniita, yaani nyanya, "mchana huwa unafanya nini?"

Nikamwambia ninakaa.

"Nani alikuambia ukae?"

Nikamjibu, "Wote wanaonipenda."

Hakucheka. Alinishika paja, akaniambia nyama za kubeba goti zimelala kwa kukosa kazi, na goti bovu lisilo na kitu cha kulibeba litauma zaidi. Akaniambia bila kunificha kwamba magoti haya hayatarudi mapya, na maumivu mengine nitaishi nayo. Lakini kama nataka miguu, niinuke kwenye kiti bila kushika mikono yake, kidogo kidogo kila siku, na nitembee. Maumivu yanayotulia baada ya kupumzika nisiyaogope. Goti likivimba au likichoma kama kisu, hapo nipumzike na nirudi nimwone. Kisha akaniangalia nikitoka, akaniita. Fimbo yangu nilikuwa naishika upande wa goti linalouma zaidi. Akaihamishia mkono wa pili, upande wa goti lenye nafuu. Ndugu zangu, nilitembea mpaka kwenye gari la Mutua nikijiuliza huo mwaka wote nilikuwa nategemea nini.

Lakini sitawadanganya, nilirudi nyumbani nikiwa na hasira. Nilikuwa nimeomba muujiza, na Mungu akanipa mazoezi! Siku ya kwanza nilijaribu kuinuka bila mikono nikarudi kitini kama gunia la mbaazi. Nilimwambia Mungu maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya mchungaji. Kanini alikimbia kunishika, nikamkataza, na yeye akaingia jikoni akalia, akidhani ameharibu kazi. Ilibidi nimwite na kumweleza kwamba kuanzia sasa msaada wake ni kukalia mikono yake. Ule ulikuwa mtihani mgumu kwake kuliko wa chuo.

Katikati ya hali hiyo akaja Syombua, rafiki yangu wa tangu ujana, yule pale amevaa kitambaa cha kijani, ambaye bega lake mwenyewe haliinuki kupita hapa. Alikuja na habari kwamba mvua iko karibu na zamu ya mwethya imefika kwangu. Mitaro yangu ilikuwa imejaa udongo, mvua moja kubwa ingeshuka na shamba lote mpaka mtoni. Sasa, katika kundi letu kuna desturi. Jembe la kwanza ni la mwenye shamba. Hata kama wamekuja watu wengi namna gani, hakuna anayekata ardhi yako kabla wewe hujaikata. Syombua akaniambia wameshazungumza, Kanini atakata kwa niaba yangu, mimi niletewe kiti nitazame.

Nikamwambia kwamba aliye hai hakatiwi ardhi yake kama maiti. Naye, bila kupandisha sauti, akaniambia, "Basi njoo uikate."

Maneno hayo matatu, ndugu zangu, naamini hayakutoka kwa Syombua peke yake! Kuanzia siku hiyo nilikuwa nainuka kwenye kile kiti chekundu huku nikiomba. Nikiinuka, Bwana nisaidie. Nikikaa, Bwana nisaidie. Nyingine zilikuwa sala, nyingine kelele tu. Nilitembea mpaka jikoni, nikaiona chumvi ilipo. Nikatembea mpaka kwa mbuzi. Na asubuhi moja nikafika mpaka kwa mzee wangu, nikasimama pale na fimbo yangu katika mkono unaofaa, nikang'oa majani mawili matatu, nikamwambia bado niko. Magoti yaliuma njia nzima kwenda na kurudi. Lakini yalinifikisha, na usiku ule nililala mwenyewe bila kubebwa na mtu.

Siku ya mwethya ikafika. Akina mama walikuja mapema na majembe begani, muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, ulikuwa motoni, na Mutua naye akatokea na sukari na mikate ya chai. Nilijua kimemleta nini kingine, alitaka jioni tupange siku ya kuhama. Nilichukua fimbo yangu nikaanza kuteremka shambani polepole. Nikageuka nyuma nikamwona mwanangu, mwanaume mzima mwenye mvi, anateremka nyuma yangu na kile kiti chekundu kichwani, asije mama yake akakosa pa kuangukia. Moyo wangu ulitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Akakiweka chini ya mti.

Nikampa Syombua fimbo. Nikashika jembe langu, lile lile la zamani, mpini wake unaijua mikono yangu. Nikapanua miguu vile yule binti wa mazoezi alinifundisha. Pigo la kwanza lilikwaruza tu, kama kuku. Nikamwita Yesu kwa sauti, nikapiga la pili, na jembe likaingia! Nikauinua ule udongo, nikaurusha juu! Vigelegele vilivyopigwa pale walivisikia sokoni Mukuyuni, na anayebisha aulize. Nikapiga tena, nikarusha tena. Sikuchimba kama zamani, nachimba leo kama mtu anayekula samaki mwenye miiba. Lakini kipande kidogo cha mtaro ule kimechimbwa na mikono hii, na mkija nitawaonyesha kinapoanzia na kinapoishia.

Miguu ilipoanza kutetemeka nikaachia wenzangu, nikaomba fimbo, nikaenda chini ya mti kupumzika, kwa maana kupumzika si dhambi, dhambi ni kusahau kuinuka. Kufika pale, kiti kina mtu. Ni Mutua. Kukibeba kutoka juu kulimmaliza, na mgongo wa dereva mnaujua. Aliruka kwa aibu akaniambia nikae. Nikamwambia akae yeye, mimi kwa siku hiyo kijiwe kinanitosha. Tukakaa hivyo, mwana kitini na mama juu ya jiwe, tukiwatazama akina mama wanavyorusha udongo. Kisha akasema bila kunitazama, "Basi nyumba haifungwi."

Ndugu zangu, haikufungwa! Kanini alienda chuo, na mimi nilimsindikiza mpaka barabarani kwa miguu yangu. Mvua ilinyesha, maji yakalala kwenye mitaro, na ndengu zangu mwaka huu mmezila ninyi wenyewe kwenye chakula cha wageni. Syombua hunipitia asubuhi tunatembea pamoja, goti bovu na bega bovu, tukikutana na vijana tunawapisha ili wasichelewe.

Mtu asiseme kwamba nimepona. Leo asubuhi magoti yangu yameuma, yanauma hata sasa ninaposema nanyi, na kesho najua yataniamsha. Nilimwomba Bwana aniondolee maumivu, yeye akaona aniondoe kitini kwanza. Ninajivuna, ndiyo. Mchungaji, ukihubiri juu ya majivuno utaniangalia, nami nitakuangalia. Ninajivunia Mungu ambaye hakuniona mzee wa kuwekwa kando, akanipa kazi na umri wangu huu. Utukufu ni wake!

Na sasa nasema na ninyi mliotengewa viti. Ninawaona, mko kila safu. Mmeambiwa mmechoka mpaka mkaamini. Mwamini Mungu hata na goti lililolika, mwamini na mgongo uliopinda, nendeni muulize wanaojua mazoezi, halafu anzeni kidogo kidogo. Shemasi, hicho kiti mpelekee Mutua pale nyuma, ametoka Mtito Andei alfajiri na najua mgongo unamuuma, lakini asikizoee.

Kwaya, tafadhali msianze bado. Wazee wangu, mama zangu, nawaomba tusimame kwa wimbo. Vijana, msiwavute, kalieni mikono yenu. Shikeni benchi, shikeni fimbo, inukeni taratibu kila mtu kwa mwendo wake. Hatuna haraka. Wimbo utaanza wa mwisho wetu akishasimama.