Baiskeli ya Resi Isiyo na Pampu Njiani

Wakubwa wangu, shikamooni. Wa asalaam aleikum na wa Bwana asifiwe, pokeeni zote mbili, nisimwache mtu nje. Mwenyekiti wa chama chetu cha wachuuzi wa baiskeli ameniomba niseme kwa upole. Nitajaribu, lakini sitoi ahadi.

Wengi mnanijua: nachukua samaki Takaungu asubuhi, nawapandisha Kaloleni kwa baiskeli. Ile milima mnaijua. Baiskeli yangu nyeusi ilikuwa nzito, nilisukuma kuliko nilivyopanda, na jua likiwaka samaki wanalegea. Basi nikaona tangazo gazetini: baiskeli ya resi, gia kumi, bei ya kutupa, tuma pesa kwa posta uletewe kwa basi. Gia kumi! Nikasema milima imekwisha. Nikauza ile nyeusi, nikatuma.

Likaja boksi ofisi ya basi Kilifi. Nafungua: haina kengele, haina madigadi, haina taa, haina keria. Nikaandika barua. Jibu: "Hivyo huuzwa kando." Kando! Mimi nikuuzie samaki, halafu kichwa nikuuzie kando? Keria za madukani hazikukaa, ikabidi fundi wa kuchomelea aniundie. Tairi nyembamba kama kidole, mwiba mmoja tu, kwisha. Za kipimo hicho Kilifi hazipo, Malindi hazipo, ni kuagiza kwa bwana yuleyule aliyeniuzia, kwa bei aitakayo. Ndugu zangu, nawaambia, alijua! Alijua akanyamaza, na hilo ndilo linalonichemsha mpaka leo.

Sikatai, siku chache nilifika Kaloleni mapema. Kisha mteja wangu wa miaka mingi, mama mmoja wa huko, akafariki. Binti yake akaniambia, "Kaka, matangani nataka samaki wazuri. Mama hakula wa mtu mwingine. Nakutegemea."

"Dada, umepata," nikasema.

Siku hiyo tenga limejaa, nimepita Mavueni, napanda mlima, pancha. Nikaziba. Kujaza upepo, ile pampu ya plastiki iliyokuja nayo ikapasuka mkononi. Nikasema si neno, njia hii haikosi baiskeli. Akaja mbeba pombe ya mnazi, akatoa pampu yake kwa moyo safi. Haiingii. Mdomo wa tyubu ya resi ni mwembamba, si kama wa tyubu zetu. Akaja mwalimu, haiingii. Akaja mwuza makaa, haiingii! Watu wema wamenizunguka, kila mmoja na pampu, na hakuna hata mmoja awezaye kunifaa. Nilikaa juu ya jiwe nikalia, huku harufu ya tenga inabadilika.

Nikasukuma hadi matangani. Binti akafunua tenga, akalifunika. Hakunitukana, na afadhali angenitukana. Alisema tu, "Hata leo, siku ya mama, kaka?"

Waombolezaji wakala sima kwa mchicha. Kesho yake watoto wakaniita Bwana Uvundo, na Kaloleni nzima hakuna aliyenunua kwangu hata dagaa. Nahodha wa Takaungu akaacha kunipa samaki kwa kuaminiana. Nikajifungia nyumbani.

Mwekahazina wetu ndiye aliyekuja kugonga. "Wewe, samaki hawauziki uvunguni mwa kitanda. Toka!" Mkapanga hapahapa: Ijumaa ninyi ndugu Waislamu hamtoki, mkaniazima baiskeli zenu; Jumapili ninyi Wakristo wenzangu hamtoki, nanyi mkaniazima zenu. Mchungaji wangu alinuna kwa kunikosa kanisani, lakini alinisamehe. Ijumaa ya kwanza nilipeleka nguru katika nyumba ile, bila malipo. Binti akamnusa mbele ya watu wote. Akanusa tena. Kisha akaita mtu alete sinia.

Leo nina nyeusi nyingine, kuukuu, keria pana. Asanteni, nyote mlionipa na mkarudi nyumbani kwa miguu. Nanyi mnaotaka kununua kitu cha mbali, msiulize bei peke yake. Ulizeni vipuri viko duka gani, na kikikuangusha njiani, nani ataweza kukusaidia.

Ile resi ingali ukutani. Juzi bwana mmoja wa hotelini Malindi alikuja na pesa taslimu, zaidi ya nilizotoa. Anaushika usukani, anatabasamu. Ningenyamaza kidogo tu, zote zingerudi. Nikamwambia habari ya keria, ya tairi, ya pampu, yote, mpaka akarudisha pesa mfukoni.

Akaniuliza, "Sasa wewe unauza au huuzi?"

Nikamwambia, "Nauza. Lakini sinyamazi."