Bi Mkali wa Chumba cha Maswali

Wasikilizaji wapendwa, aliye jikoni apunguze moto, na aliye kazini ajifanye anaendelea na kazi. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyelipwa mshahara kwa miaka mingi ili awagombeze wanawake wenzake. Ndiyo, umesikia vizuri. Shirika la kutetea haki za wanawake lilimlipa awagombeze wanawake. Na wanawake haohao ndio waliojaa kwenye mazishi yake juma lililopita, wakilia na kucheka kwa zamu.

Walimwita Bi Mkali, na sisi tutamwita hivyohivyo. Alikuwa wakili. Amefariki nyumbani kwake baada ya kuugua kwa muda mfupi, mumewe akiwa pembeni. Narudia kwa aliyechelewa kufungua redio: Bi Mkali, wakili wa lile shirika linalowahudumia wanawake wa nchi zetu hizi jirani, hatunaye tena.

Tuanze utotoni. Dada yake mkubwa anasema mtoto huyu alianza kuiga watu kabla hajajua kufunga viatu. Alimwiga mwalimu mkuu, alimwiga daktari wa meno, alimwiga jirani aliyetembea kama mtu anayekanyaga maji. "Siku moja alimwiga baba anavyofoka," dada anasema. "Tukajua leo anachapwa. Baba akamtazama, akamtazama, akaketi chini kwa kicheko." Mtoto alitaka kuwa mwigizaji. Baba alitaka awe wakili. Dada anasema aliwaridhisha wote wawili kwa mshahara mmoja.

Kesi zake za mwanzo pale shirikani hazikuwa na kicheko. Alimtetea mama mmoja aliyefukuzwa kazi kwa sababu alikuwa mjamzito. Ofisini mama huyo alieleza mambo yake vizuri, moja baada ya jingine, mpaka raha. Alipofika kizimbani, wakili wa upande wa pili akapaza sauti, na mama wa watu akaanza kuitikia kila kitu. Ndiyo, bwana. Ndiyo, bwana. Akaitikia hata uongo. Kesi ikaenda na maji, na Bi Mkali akarudi ofisini akajifungia chooni kulia.

Kesho yake alikuja kazini amevaa koti la mumewe. Mumewe ni fundi umeme, mtu wa kimo, na koti lilimfika mkewe magotini. Kulikuwa na stoo ya kuwekea viti vibovu, dirisha lake likitazama ua wa kiwanda kidogo cha uchapaji. Bi Mkali akaomba stoo ile. Akatoa viti, akaweka meza, akamkamata mhasibu wa shirika na kumkalisha nyuma ya meza awe hakimu. Dereva akawa karani wa mahakama. Yeye mwenyewe, ndani ya koti lile, akawa wakili wa upande wa pili. Hicho ndicho kilichoitwa Chumba cha Maswali.

Utaratibu ulikuwa rahisi. Mwanamke mwenye kesi anaketi kitini, na Bi Mkali anamchachafya. Anamkatiza. Anamcheka. Anamwita mwongo mbele ya watu. Mkimaliza, koti linavuliwa, chai inamiminwa, na Bi Mkali anamshika mama yule mkono anauliza kama ameumia popote. Ila kulikuwa na mwiko mmoja, na mwiko huo naomba muushike wasikilizaji: hakuna ruhusa kumpa shahidi jibu. Uliza utakavyo, lakini jibu ni lake. Atakayemtilia maneno mdomoni anaosha vikombe vya ofisi nzima.

Mwiko huo haukuwa mzaha. Mkurugenzi, mama mwenye maneno machache, aliwaambia waziwazi kwamba siku mahakama moja ikisema shirika linafundisha mashahidi, kila kesi yao katika kila nchi itatiliwa shaka. Bi Mkali alimjibu kwamba yeye hafundishi, anazoesha. Mkurugenzi akasema sawa, tuombe mahakimu wajue tofauti.

Mhasibu naye, mpole wa watu, uhakimu ulimkolea. Ikafika mahali watu wakitaka nauli ya safari za kikazi lazima waanze na "mheshimiwa". Asiyesema, fomu yake inakaa.

Na kuna siku ya wachapaji. Bi Mkali alikuwa amepamba moto, anamfokea mama wa watu hadi ua mzima unasikia. Chini kule mafundi wa uchapaji wakashindwa kuvumilia. Wakapanda ngazi, mmoja na fagio, mmoja na rula ya chuma, wakasukuma mlango wamwokoe mwanamke anayeonewa. Wakamkuta Bi Mkali, kidole hewani, chini ya bango kubwa la haki za wanawake. "Na sisi tulidhani nyie ndio mnaowatetea," akasema mwenye fagio, kwa masikitiko kabisa. Walielezwa, wakapewa chai, na tangu siku hiyo wakawa wanakuja kuketi nyuma kama wasikilizaji wa kesi.

Huo ndio ukali wa Bi Mkali. Nyumbani je? Nilimuuliza mumewe. Akacheka kwanza, kisha akafuta macho. "Mke wangu hakuwahi kunipandishia sauti," akasema. "Akikasirika alikuwa anapanga upya kabati la vyombo. Nikikuta sahani zimehama, najua nimekosa, natafuta kosa lenyewe ni lipi."

Sasa, wasikilizaji wapendwa, nije kwenye kesi ambayo watu wa shirika wakianza kuisimulia hawalali.

Alikuja fundi cherehani mmoja, mjane, na mabinti zake wawili. Mumewe alikuwa amefariki, na juma lilelile la mazishi mashemeji zake walibadilisha kufuli za nyumba. Shemeji mkubwa alimwambia kwamba nyumba ni ya ndugu yao, na yeye ni mgeni aliyemaliza ziara. Fundi akapanga chumba kimoja. Mashine ya kushonea ikawa karibu na kitanda, na watoto wakalala wakikunja miguu. Kama kesi wangeshindwa, basi nyumba imekwenda, na mabinti wangekulia humo.

Tatizo lilikuwa moja. Fundi hakuwa anaongea. Si kwamba hakujua. Mtu yeyote mwenye sauti kubwa akiingia chumbani, yeye anafunga mdomo. Siku ya kwanza katika Chumba cha Maswali, Bi Mkali alimwuliza anaitwa nani. Fundi akamtazama mhasibu, kana kwamba yeye ndiye anayepaswa kujibu. Siku nyingine Bi Mkali akaligusa lile swali lenyewe: mume ndiye aliyekuwa na ajira, wewe ulichangia nini? Fundi akainamisha kichwa. Mhasibu uzalendo ukamshinda. Akapiga meza akasema, "Mimi najua kwamba alijenga." Hakimu kageuka shahidi. Walicheka mpaka dereva akatoka nje kupata hewa, na mheshimiwa akaenda kuosha vikombe.

Fundi naye alicheka. Ndiyo mara ya kwanza walimwona akicheka. Aliporudi kitini akaulizwa tena swali lilelile, akasema neno moja: "Nilishona." Bi Mkali hakumwongezea hata herufi. Wengine walitaka amsaidie kidogo tu, amwelekeze. Akakataa katakata.

Siku ya kesi ikafika. Ukumbi umejaa. Mashemeji mbele, shemeji mkubwa ndani ya suti iliyopigwa pasi ikakoma. Wakili wao alikuwa mtu wa mikogo, mwenye sauti ya kuita watu mkutanoni. Akamsogelea fundi, akamwinamia, akafoka: mume ndiye aliyekuwa na ajira, wewe ulichangia nini?

Fundi akamtazama. Akamtazama tena, kama mtu anayepima kitambaa. Kisha akasema, kwa upole kabisa, "Bi Mkali aliuliza vizuri zaidi."

Watu wakacheka. Bi Mkali hakucheka. Wakili wa mikogo alirudi nyuma hatua moja, akatabasamu, akamgeukia hakimu. Mheshimiwa, akasema, umesikia mwenyewe. Shahidi huyu amefundishwa. Naomba ushahidi wake wote utupwe.

Bi Mkali akasimama aeleze. Alikuwa na maelezo, na alikuwa na vifungu vya sheria. Hakimu akamwinulia mkono. "Keti, wakili. Nitamuuliza shahidi."

Hapo, wasikilizaji wapendwa, ndipo penyewe. Mwanamke aliyewaoshesha watu vikombe kwa kuwajibia mashahidi, leo anataka kumjibia shahidi kuliko kitu chochote duniani. Akaketi. Mhasibu, aliyekuwa nyuma yake, anasema alimwona ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili.

Hakimu akauliza: mama, huyo Bi Mkali alikwambia useme nini?

Fundi akainamisha kichwa. Wakili wa mikogo akaanza kukusanya karatasi zake. Kisha fundi akainua kichwa.

"Hakuniambia, mheshimiwa. Nilimwomba aniambie, akaninyima. Wote walininyima. Mmoja alijaribu, wakamwoshesha vikombe." Ukumbi ukaangua kicheko, na mhasibu akajificha nyuma ya kofia yake. Fundi akangoja watulie. "Waliniuliza tu. Tangu mume wangu afariki, watu wote waliniambia. Hawa peke yao ndio walioniuliza."

Hakimu akaweka kalamu chini. Akasema, basi na mimi nakuuliza. Nyumba ile ulichangia nini?

Na fundi, yule wa neno moja, akaanza kuijenga nyumba yake pale mahakamani. Akasema madirisha ya mbele ni sare za shule, alizishona msimu mzima bila kupumzika. Mlango wa jikoni ni mapazia ya hoteli. Sakafu ya sebuleni ni magauni ya mabibi harusi, na bibi harusi mmoja alikuwa mnene, kwa hiyo sebule ikatosha. Mabati, mume alinunua upande wa kulia, yeye akanunua upande wa kushoto, na ukipanda juu utaona rangi hazifanani mpaka leo. Akamgeukia shemeji mkubwa, akamuuliza, "Shemeji, wewe ulipaka hata rangi?" Shemeji akatazama viatu vyake.

Nyumba ilirudi kwa fundi. Nasema tena, maana nalipenda neno hili: nyumba ilirudi kwa fundi na mabinti zake. Na kwenye hukumu yake hakimu alitamka kwamba kumzoesha mtu kusikilizwa si kumfundisha la kusema. Mkurugenzi, yule wa maneno machache, alimkumbatia Bi Mkali mbele ya watu. Jioni ile, dada yake anasema, Bi Mkali alipita kwake akaigiza kesi nzima tangu mwanzo, sauti za watu wote, hata ya mlango wa mahakama.

Aliendelea na kazi ile mpaka mwili ulipokataa. Wanawake walikuja kwa mabasi kutoka nchi za jirani, wakagombezwa, wakanyweshwa chai, wakaenda kusema yao. Kesi nyingine walishinda, nyingine walishindwa. Lakini hakuna aliyeitikia uongo tena.

Kwa mumewe, fundi wetu wa umeme, pole sana baba. Kwa dada yake, na kwa familia yote, poleni. Kwa mkurugenzi, mhasibu, dereva na wote wa shirika, pamoja na mafundi wa uchapaji walioufunga ua wao siku ya mazishi, poleni kwa msiba. Mlikuwa na mtu, na mmetuazima kwa miaka mingi, tunawashukuru.

Sisi tuliobaki tuna la kutafakari, na nitawaachia kisa kimoja mkifikirie mkiwa nyumbani, pale ambapo kufuli zetu zipo na shemeji zetu wapo. Kisha nitazima kipaza sauti.

Miaka baada ya kesi ile, asubuhi moja, mzee alifika shirikani akiwa amemshika mkono binti yake. Binti alikuwa amefiwa na mume. Mzee hakuingia ndani, alisimama mlangoni na kofia mkononi. Bi Mkali alipotoka kuwapokea, akamtambua mara moja. Alikuwa yule shemeji mkubwa.

Mzee akauliza kwa sauti ndogo kama anakumbukwa. Bi Mkali akasema anakumbukwa vizuri, karibu. Akamweleza jinsi wanavyofanya kazi: binti ataingia chumbani, ataulizwa maswali makali, huenda akalia, na baba atalazimika kungoja nje bila kuingilia. Je, ataweza?

Mzee akamtazama binti yake. Binti alikuwa ameinamisha kichwa.

"Usimwonee huruma, wakili," mzee akasema. "Wakwe zake ni watu kama mimi."