Alama Niliyochoma Chini ya Laptop

Naapa! Naapa kwa Enkai, Mungu wetu, naapa kwa kaburi ya baba yangu pale Kajiado, na mtu anapita barabarani akitaka kusikia, asikie: kila neno nitasema leo ni ukweli mtupu. Nelson, hiyo simu inarekodi? Ilete karibu na mdomo. Sikilizeni, watoto yangu, wewe Nalangu mkubwa na wewe Nelson, na wewe pia Mama Nalangu, wacha kujifanya unakunja nguo.

Daktari amesema moyo yangu imekuwa kubwa. Alishika ile picha akaita madaktari wengine kumi waje waone, kwa sababu Kajiado yote hawajawahi kuona moyo kubwa hivyo ndani ya mtu anatembea. Sawa, aliita mmoja. Lakini walishangaa wote wawili, hiyo ni ukweli. Wao wanasema ni pressure. Mimi najua ni nini imeifurisha, na ndiyo nataka kuitoa leo nikiwa na pumzi.

Kwanza mali. Ng'ombe zangu mia moja na arobaini... Mama Nalangu, usiniangalie hivyo. Kumi na nne. Saba za Nelson, sita za Nalangu, na ile mtamba nyeupe, yenye pembe moja imeanguka, mtu asiiguse mpaka niwaambie inaenda wapi. Hii nyumba ni ya mama yenu. Duka ya kutengeneza kompyuta pale Noonkopir ni yake pia, na si zawadi, ni haki yake. Ukutani imeandikwa "Engineer", na nyinyi mnajua Kitengela mzima inaniita Engineer, lakini ni nani alikuwa anafungua hizo kompyuta? Ni yeye, na ile kozi alisoma Kajiado. Kazi ya mkono ilikuwa yake, yangu ilikuwa mdomo. Na mdomo nilifanya! Ningeuzia samaki maji.

Sasa hapo kwa mdomo ndiyo shida ilianzia. Nimefanya kazi ya store kwa hiyo kampuni ya kompyuta miaka kumi na mbili, kubeba mashine za wateja zikiingia na zikitoka, na siku ya kwanza Wanyama, yule mkubwa wetu, alitusomea sheria: mfanyakazi asifanye biashara ya kompyuta nje. Nikachora kitu kama sahihi kwa hiyo karatasi, nikafungua duka mwezi huo huo. Mteja akiambiwa laptop yake itakaa wiki tatu, mimi namfuata mpaka geti, namwambia, "Mzee, pale Noonkopir, nyuma ya bucha, kuna Engineer mmoja amesomea ng'ambo, siku mbili tu umechukua." Wakaja. Na zile mashine zimekufa, zimewekwa kando zikingoja kutupwa, nikaanza kuzitoa vitu vya ndani, moja moja, naweka kwa soksi, napita geti. Mama yenu akiuliza nimetoa wapi namwambia nimenunua Nairobi. Hakujua. Andikeni hiyo, hakujua.

Na mimi mnanijua, siwezi kuacha kitu yangu iende bila alama. Mtu akitoka na mashine kwangu, atajuaje hakubadilishiwa? Baba yangu alikuwa anachoma ng'ombe zake paja la kushoto, mistari mbili na duara chini. Basi nikachukua msumari, nikaupasha moto kwa jiko, na kila laptop ikitoka Noonkopir naigeuza, nachoma chini yake mistari mbili na duara. Mama yenu akasema, "Baba Nalangu, hiyo si ng'ombe." Nikacheka. Nikamwambia hata ikipotea Mombasa itarudi nyumbani.

Ikarudi. Lakini haikurudi kwangu, ilirudi kwa kampuni. Mtu mmoja alinunua laptop mkono wa pili, hakujua ilipita Noonkopir, na ilipozima akaipeleka kule. Wakaifungua, wakapata ndani vitu vyenye namba ya kampuni. Wakaigeuza, wakaona alama.

Wanyama akatuita wote wa store, akaweka hiyo laptop juu ya meza, tumbo ikiangalia juu. Akaniangalia mimi kwa sababu ndiye nilikuwa mkubwa wa Wamaasai pale. "Lesiamon, wewe unajua mambo ya ng'ombe. Hii ni alama ya nani?"

Watoto yangu, mimi nimedanganya watu tangu nianze kuongea. Nimesema nimeua simba nikiwa na miaka tisa; ilikuwa fisi, na ilikuwa imekufa. Lakini hiyo siku sikudanganya. Nilisema, "Hiyo ni alama ya ng'ombe za baba yake Koinet."

Na ilikuwa ukweli! Koinet tulikuwa naye hapo store, na ni wa ukoo wetu, alama ya baba yake ni hiyo hiyo ya baba yangu, mistari mbili na duara, paja la kushoto. Nilisema nusu nikafunga mdomo. Maisha yangu yote ya uongo hayajaumiza mtu, na siku moja ambayo nilisema ukweli nikamaliza mtu.

Koinet alikuwa amesimama pale mlangoni. Akaniangalia, akangoja nimalizie. Alingoja, Nalangu, mtu angekamua ng'ombe mbili. Angeweza kusema, "Hata yeye alama yake ni hiyo." Hakusema. Kwetu mtu hamtoi mtu wa ukoo wake mbele ya wageni, na mimi nilijua hatasema, na hiyo kujua ndiyo inanikula. Wanyama akamwambia kazi imeisha, na Koinet akaenda kuchukua sweta yake. Akipita karibu na mimi akauliza polepole tu, "Lesiamon, hakuna kitu umesahau?"

Nikasema, "Hakuna."

Na huyo ndiye alinitafutia hiyo kazi! Aliapa kwa Wanyama kwamba tulikaa dawati moja mpaka form four. Mimi nilikuwa nachunga mbuzi. Hicho ndicho kitu kilinifunga mdomo: niliogopa wakianza kuniuliza, watauliza hata karatasi ya shule, na Engineer ajulikane hawezi kusoma jina yake.

Ni miaka saba sasa. Alienda kuvunja mawe kule Kiserian. Kanisani wakamtoa kwa kamati ya ujenzi, kwa sababu nani ataachia mwizi simiti? Mimi nikapewa kiti yake. Nilimwona mara moja pale stage ya Kiserian, vumbi ya mawe imejaa kichwa mpaka nikafikiri amezeeka, na mimi, mwanaume wa kuua simba, nikajificha nyuma ya lori ya mbuzi mpaka akaenda.

Nipatieni maji. Kidogo.

Sasa hii ndiyo nataka. Nalangu, utachukua ile mtamba nyeupe na ule msumari uko juu ya kabati, uende mpaka Kona Baridi, ndiyo nyumbani kwake. Ushike nyasi mbichi mkononi kabla hujafika boma, aone umekuja kuomba. Usimwambie maneno mingi, yangu imetosha. Mwambie, Lesiamon anasema, ndiyo, kuna kitu nilisahau. Alama ni yetu sisi wawili.

Na siku ya kunizika, akae mbele, kwa kiti ya familia. Mwalikeni Wanyama, na hao wa kamati ya kanisa. Wakimaliza kunisifu, Nelson, uwawekee hii sauti kwa spika, yote. Najua wewe nilikuingiza hiyo kampuni, unafanya kazi chini ya Wanyama, inaweza kukufukuzisha. Usizime simu. Lakini usiniulize kama iko njia ingine. Nimetafuta miaka saba.

Alibeba... alibeba jina yangu, huyo mtu. Na mimi namficha nyuma ya mbuzi. Hapana, mimi ndiye nilijificha. Ngojeni. Ngojeni kidogo. Hii macho...

Mama Nalangu, kitambaa.

Njooni karibu, inamisheni kichwa niwatemee mate ya baraka, kama iko imebaki. Enkai awape watoto na ng'ombe. Semeni "Naai", ndiyo amina yetu. Awape mdomo fupi kuliko yangu. Semeni. Aweke... aweke mvua mahali mnakanyaga. Naai.

Sasa zima. Nelson... hapo mahali nimelia, ukate. Hayo mengine yote wasikie. Hiyo ya kulia, tafadhali, mtu asirudie kwa mtu.